Kalondu Aliyeupima Ushuhuda

Kamati Ndogo ya Kupitia na Kufupisha Historia za Marehemu, ya kanisa letu hili, ilikaa Alhamisi, ikaishauri familia iondoe aya moja kwenye karatasi hii ili kuokoa muda. Familia inaishukuru. Mimi ni Mutie, ndugu mdogo wa marehemu, na nitasoma yote. Mwenye haraka atuwie radhi.

Dada yetu Kalondu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1938 karibu na Mwingi, binti wa kwanza wa Musyoka na Syombua, akasoma hadi darasa la nane, akafunzwa kazi ya maabara, na Januari 1962 akaajiriwa katika hospitali ya misheni huku Makueni, ambako darubini ilikuwa moja na waliotaka kuishika wengi, wakiwemo wasiojua upande wa kuchungulia. Mwaka wa 1964 aliolewa na mwalimu Nzioka wa mji wa Wote, wakajaliwa watoto wanne, na wote wako hapa.

Aya yenyewe ni hii. Agosti 1983, Mbula, jirani yetu aliyeugua kifua kikuu, aliombewa kwenye krusedi, mkutano wa injili wa uwanjani, na Jumapili iliyofuata mchungaji wa wakati huo akatangaza kwamba mapafu yake yamepona, asimeze dawa tena, maana kumeza ni kukosa imani. Kalondu alisimama katikati ya ibada, akaomba Mbula ateme makohozi kwenye kikopo, kwa sababu kama Mungu amefanya kazi hiyo, haogopi kuangaliwa. Jumatatu akapima, akakuta wadudu bado wamejaa, akamwendea mchungaji, akaambiwa sayansi haina ruhusa ya kumhukumu Mungu.

"Pasta, wewe umesema mapafu," akamjibu. "Ungesema roho, ningenyamaza."

Kwa jibu hilo wazee wa kanisa walipiga kura wakamtenga na meza ya Bwana, wote wakiinua mkono, mmoja wao akiinua miwili. Daktari mkuu, msomi asiyeamini, alifurahi kupita kiasi, akamwita mbele ya wafanyakazi wote ili akiri kwamba sasa imethibitika Mungu hayuko. Dada akamwambia, "Daktari, sampuli hiyo bado hujaniletea." Huko nako hakupandishwa cheo. Jioni hiyo alikwenda kwa Mbula, wakaomba pamoja, kisha akamsimamia mpaka vidonge vikashuka. Kama huo ni ukaidi, familia inaukubali, na watoto wake wanao.

Kuanzia 1994 aliugua kisukari, kisha figo, akiwaombea madaktari na kuwauliza maswali, hadi wakachoshwa na yote mawili, na alifariki asubuhi ya tarehe 9 Juni 1997. Tunawashukuru madaktari hao, majirani waliotuchotea maji na kutupikia, na wenzake wa zamani wa maabara waliokuja kwa lori kutoka Kitui.

Pumzika, dada, tumekusoma bila kukufupisha. Mbula alimeza dawa mwaka mmoja na nusu, huku akiombewa, akapona. Kalondu hakurudishwa kwenye meza ya Bwana.