Fishi ya Umutoni

Njia panda ya Lushebere ina benchi moja tu, ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili mbele ya kibanda cha Mama Jeannette, na anayeketi pale asubuhi haondoki kabla birika la kahawa halijakauka. Wenyeji wake wana majina yao ya pale pale. Hubert, aliyefundisha shule ya msingi miaka mitano kisha akaacha, huitwa Inspekta, ingawa hajawahi kukagua hata daftari la mtoto wake. Fiston, dereva wa pikipiki anayepanda na kushuka kati ya Masisi na Mubi, ni Antena, maana habari humfikia yeye kabla hazijatokea. Mzee Ndayambaje ni Katiba: mila zote za wafugaji anazo kichwani, kifungu kwa kifungu. Asubuhi hiyo Papa Makuza alikaa katikati yao bila jina la utani na bila raha. Mfukoni alikuwa na karatasi aliyoikunja tangu Jumatatu, fishi ya shule, yaani fomu. Serikali, au Leta kama wanavyoiita pale, imesema mtoto akimaliza mwaka wa nane achague masomo yanayoelekea kazi, na mzazi atie sahihi. Binti yake Umutoni alikuwa amechagua udaktari wa mifugo. Saa sita mchana shule ingefunga orodha, na asiye na sahihi angetupwa popote palipobaki kiti.

— Papa Makuza, alianza Hubert, ile fishi utaipika ao utaisinya?

— Niko nafikiri.

— Unafikiri nini? Leta inasema masomo ifuate kazi ya fasi, ya pale muntu anaishi. Huku Masisi kazi njo ng'ombe. Mutoto amechagua ng'ombe. Iko wazi.

Ndayambaje aliweka kikombe chini.

— Iko wazi kwa muntu hana kwao. Inspekta, weye ulisomaka. Ku ile masomo ya veterineri, stage ya kwanza, ile mazoezi ya mikono, iko nini?

Hubert alijikuna shingo.

— Kukamua.

— Bien. Nimemaliza.

Na kweli alikuwa amemaliza, kwa wanaojua. Katika familia zile za wafugaji mwanamke hupokea maziwa mlangoni, huyatunza, huyasukasuka mpaka yatoe siagi. Lakini kuchuchumaa chini ya ng'ombe na kushika chuchu, hapana, hiyo ni kazi ya wanaume. Mama yake Makuza alizaliwa kati ya ng'ombe akafa kati ya ng'ombe, na hakuwahi kukamua hata tone. Makuza aliijua sheria hiyo kabla hajajua kuandika jina lake.

— Miye nawaambia kintu, alisema Fiston. Kule Mubi nilisikia. Batoto ya Walikale bote watawekwa mu mines, kuchimba, ya Masisi bote mu ng'ombe. Leta inataka kila muntu abakie kwao, asisogee.

— Asisogee? aliuliza Mama Jeannette huku akichochea moto. Na siye ba mu kambi, tulikimbiaka vita, tunahesabiwa wapi?

Fiston akanywa kahawa. Hubert akamwokoa.

— Haiko hivyo. Kuko mashini moja Kinshasa. Unaingiza jina ya kilima yako, yenyewe inatoa kazi ya mutoto.

— Na kama kilima yako haiko mu mashini?

— Hapo mutoto anaandikwa commerciale, ile ya biashara.

— Nyie hamuone mbali, alisema Ndayambaje, akainua kidole. Musichana akikamua, maziwa inakauka. Maziwa ikikauka, tutanunua ya unga, ile ya mu mikebe. Ya unga inatokaka wapi? Ulaya. Sasa munajua nani alitengeneza ile fishi.

— Papa Katiba, alisema Fiston, hii Antena haikuikamata kabisa.

Wakacheka kidogo. Makuza hakucheka. Kabla ya vita alikuwa na ng'ombe thelathini na mbili kule juu milimani, na sasa ana mmoja, Bihogo, aliyefungwa kwenye shamba la mtu kando ya kambi. Watoto wake wawili wa kiume walipita njia ya msituni na kundi siku ile risasi zilipoanza, na tangu siku hiyo, mwaka na miezi minane, hakuna aliyewaona, wala wao wala ng'ombe. Mzee mzima anakaa kijiweni kusikiliza hadithi za maziwa ya mikebe! Alijionea haya.

— Papa Ndayambaje, alisema taratibu, huyu mutoto njo nimebakia naye.

— Najua, kaka. Juu ya ile njo nakusemea. Ng'ombe zilienda, vijana walienda, nyumba iliungua. Kintu gani ilibakia kwako? Heshima. Hata ile wakati ya kukimbia, nyumba yako haikuvunja mila. Siku ine mulijificha mu kibanda ya shamba, weye uko na homa ya kufa, bibi yako na mutoto yako pembeni, na binti yangu alikuwa pale na mutoto yake Plamedi. Batu tano, ng'ombe moja, na mila ikasimama. Ninaielezaka kila fasi!

Makuza alitazama viatu vyake. Ndipo walipogundua kuwa mwanamke mmoja alikuwa amesimama nyuma yao na termosi mkononi, akingoja kahawa. Aliitwa Kayitesi, alikuwa amefika kambini wiki ile kutoka kilima kingine.

— Munisamehe, ba papa. Mu ile kibanda, munaume mwengine alikuwako?

— Hapana, alijibu Ndayambaje kwa upole. Vijana walikuwa na kundi. Miye nilitangulia Lushebere kutafuta fasi.

— Na Papa huyu alikuwa na homa.

— Homa kali. Hakuweza hata kukaa.

— Batoto walikunywa nini?

— Maziwa! Maziwa ya Bihogo. Plamedi iko mzima mpaka leo juu ya ile maziwa.

Kayitesi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Hakuwa na ubishi, alitaka kuelewa tu.

— Sasa nani alikamua?

Mama Jeannette aliacha kumimina. Hubert alimtazama Fiston, Fiston akatazama barabara. Mwaka na miezi minane Ndayambaje alikuwa ameisimulia habari ile, na swali hilo dogo halikuwahi kumpitia kichwani. Katiba nzima ilimwishia mdomoni.

Makuza ndiye aliyejua. Asubuhi ya kwanza, katikati ya homa, alifungua jicho akaona kupitia nafasi ya mlango magoti ya binti yake kwenye umande, na mikono yake miembamba ikikosea, ikijaribu tena. Bihogo alimpiga teke, mtoto akaanguka, akarudi. Mama wa mtoto alisimama kando akilia bila sauti, maana naye hakujua. Makuza alifunga jicho upesi. Walipomletea kikombe alikunywa hivyo hivyo, macho yamefumbwa, kusudi asiwe ameona. Siku nne. Hakusema asante, wala baadaye hakusema. Aibu ya ng'ombe wake kukamuliwa na msichana aliiweza. Aibu ya kumeza na kunyamaza ndiyo iliyokuwa ikimla tangu Jumatatu.

— Umutoni, alisema.

Kayitesi aliweka termosi chini.

— Umutoni njo alikamua. Miye niliona. Nilikunywa.

Akatoa karatasi, akainyoosha juu ya goti.

— Inspekta, lete biki.

Alitia sahihi polepole, jina zima. Hubert alichukua karatasi kuangalia kama kila kitu kimejazwa, akasimama kwenye mstari wa mwisho.

— Hapa wanauliza mutoto alishafanya nini mu ile kazi. Bengi wanaandika tu: hakuna.

— Andika, alisema Makuza. Andika: siku ine mu vita, alikamua ng'ombe moja, akalisha batu tano. Baba yake alikunywa wa kwanza.

Hubert aliandika, midomo ikitembea. Ndayambaje alikuwa ameinama, kofia mikononi. Fiston alikwisha kuwasha pikipiki ili aipeleke karatasi shuleni, maana saa tano ilikuwa imepita, alipomsikia mzee akikohoa.

— Weka na jina ya mujukuu yangu. Plamedi. Andika: naye alikunywa.

— Papa Katiba, mustari imeisha.

— Geuza karatasi, alisema Ndayambaje.