Vipimo vya Meja Gahongayire

Mwisho wa mwaka 1994, benchi la mtaa wa Biryogo, Kigali, mbele ya duka la Usumani fundi cherehani, lilikuwa na nafasi zaidi kuliko lilivyozoea. Zamani lilibeba watu saba kwa kubanana. Baada ya vita walirudi wawili: Usumani mwenyewe na Mutsinzi, karani wa zamani waliyemwita Minisitiri kwa ajili ya Kifaransa chake. Wa tatu, Bayingana, alikulia Uganda, wakambandika jina la Kampala naye akalipokea. Jumamosi hiyo birika la kahawa lilikuwa mkaani, na Usumani alikuwa na sare ya jeshi magotini na wembe mkononi.

Kisa chenyewe kilianza Alhamisi. Meja Gahongayire, mwanamke aliyeongoza wanaume vitani karibu miaka minne, alisimamisha jipi la jeshi pale mlangoni. Alikuwa ameteuliwa burugumesitiri, mkuu wa komini, yaani wilaya yao, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho pale. Angeapishwa Jumatatu, na hakutaka kuapa na sare. Akaacha kitambaa cha suti, na sare yake ishonwe begani ilipofumuka. Sasa, kwa Usumani wanawake hupimwa na mkewe Yasmina, nyuma ya pazia, na Yasmina alikuwa Kabuga kwa mama yake hadi wiki ijayo. Usumani angemwambia tu Meja ukweli huo. Badala yake alisimama wima, akasema "ndiyo, Afande", na jipi likaondoka bila kipimo hata kimoja. Suti ikipwaya mbele ya komini nzima, nani tena atamletea hata suruali ya kukunja pindo?

— Fumua hiyo sare, alishauri Minisitiri. Kila kipande unalaza juu ya kitambaa, unakata. Iko rahisi.

— Na akiuliza sare yake?

— Unashona tena. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, hata nguo iko hivyo.

Usumani hakuona methali hiyo inaingilia wapi, lakini ilimtia moyo kidogo.

Kampala yeye alitaka kujua kwa nini Meja mzima awaache watu wanaotii aende kwa watu wanaobisha.

— Jeshini akisema kulia, watu mia tatu wanageuka. Kwa komini, sha, ndugu yangu, akisema kulia, mmoja anauliza kulia ya nani.

Minisitiri akasema ndiyo maana amechaguliwa: kila alfajiri madiwani watapandishwa Mlima Kigali mbio, na wa mwisho hapigiwi muhuri. Kampala akakumbuka kwamba suti imeagizwa na mifuko minne. Mmoja wa bastola, akasema, mmoja wa muhuri, mmoja wa redio.

— Na wa nne? aliuliza Minisitiri.

— Wa kutia mkono asubiri. Siasa ni kusubiri. Mpanda ngazi hushuka.

— Hiyo ni ya kumwombea mtu mabaya, wewe.

— Kwetu ni ya fundi wa umeme.

Kufikia kikombe cha tatu, katika utani wao, wanaume wa Kigali walikuwa tayari wanapiga saluti kwenye milango yao wenyewe na kuomba ruhusa ya kuoa. Usumani alicheka, ingawa swali la Kampala lilimkaa. Alikuwa amemwona Meja akikisugua kile kitambaa cha suti kwa dole gumba, muda mrefu. Akapeleka wembe kwenye kola.

Hapo akafika Nyiramana, aliyehamia mtaani juzi, na kitenge chake cha kukunja pindo. Akaiinamia sare.

— Huyu Mucyo ni nani?

Ndani ya kola paliandikwa jina kwa wino uliofifia. Usumani, asomaye herufi za Kiarabu tu, alidhani ni alama ya kiwanda. Mikono ya shati ilikunjwa mara mbili na kushonwa kwa sindano ya mkono, na mabega yalikatwa kwa mwanaume mpana. Hayo yote aliyaona tangu Alhamisi, akasema moyoni ndivyo jeshi linavyoshona.

— Labda bwana yake aliyebaki vitani, alisema Kampala polepole.

— Labda kaka, alisema Minisitiri.

Usumani aliona haya mpaka masikioni. Akaweka wembe chini, akaikunja ile sare taratibu, akamuuliza Nyiramana kama anajua kupima kwa futi ya kamba. Nyiramana akasema anajua. Wakashika kwa miguu njia ya Kicukiro, alikokaa Meja, Usumani akamwambie Meja kwamba alimwogopa, kwamba hakumpima, na kwamba shati la Mucyo hatalikata.