Breki Isiyotoka Kooni

"Pa," anajaribu. Haitoki. Anameza hewa tena, anaibana, anairudisha juu. Inatoka mbweu, kubwa, mbele ya sahani na wageni. Mama mkwe wake anaweka kijiko chini.

"Mkwe, watoto hawa umewakataza kucheua mezani tangu wana meno mawili. Leo wewe ndiye kinara?"

Anachukua chaki, anaandika kwenye kibao chake kidogo: "Mama, hii si mbweu. Hii ni silabi."

Wasikilizaji wapendwa, tunaanzia mezani kwa sababu hapo ndipo sauti yake ya pili ilipozaliwa. Tunamkumbuka mwalimu wa udereva. Wanafunzi walimwita Taratibu, maana ndilo neno lililomtoka mara mia kwa siku. Alifariki Jumatatu hii. Alifundisha udereva miaka ishirini na saba, na sita ya mwisho alifundisha bila koo la kutolea sauti. Narudia: miaka sita.

Ilianza na sauti kukwaruza. Alidhani ni vumbi, akamung'unya pipi za kifua miezi minane. Alipofika kwa daktari, saratani ilikuwa imeshakomaa. Walimpasua, wakaondoa zoloto lote, yaani kile kisanduku kinachotengeneza sauti. Tangu siku hiyo alipumua kwa tundu dogo chini ya shingo.

Waliokuja kumjulia hali walifanya kosa lilelile: walimpigia kelele. "Shemeji! Unaendeleaje, shemeji!" Akawaandikia: "Wamechukua koo. Masikio wameniachia."

Hospitali walimpa kifaa cha kubana shingoni, kinachonguruma huku wewe ukichezesha midomo. Ni kifaa kizuri, kimewakomboa wengi. Siku ya tatu alikirudisha. Mtaalamu wa matamshi anakumbuka alichoandika: "Mkono mmoja ukiwa shingoni, usukani wa mwanafunzi nani ataudaka?"

Ikabaki njia ndefu: kumeza hewa kwenye njia ya chakula, kuirudisha juu, kisha ulimi na midomo viigeuze neno.

"Nilimwambia ukweli," anasema mtaalamu. "Inaweza kuchukua mwaka, na wengine hawafiki. Akafuta kibao, akaandika: Tuanze."

Mwenye chuo cha udereva, mama asiye na maneno mengi, naye alisema lake. "Nafasi yako nitakutunzia. Lakini huingii barabarani na mwanafunzi mpaka niisikie breki yako."

Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, kila kitu kilisimama juu ya neno moja. Breki. Kwa wakati wake, mikono ikiwa huru. Ni kweli, upande wa mwalimu kuna pedali ya pili. Lakini yeye alisema siku zote kwamba ukimkanyagia mwanafunzi, hajifunzi kitu.

Nyumbani adui alikuwa huruma. Mkewe anakiri. "Akianza tu 'ma', mimi nshamletea maji. Kumbe alitaka magazeti." Taratibu akatunga sheria: anayemmalizia sentensi anaosha vyombo vya siku nzima. "Tuliosha, jamani!" anasema mkewe. "Na mama yangu ndiye aliyeongoza."

Mwezi wa kumi na moja wa mazoezi akaomba kupimwa barabarani. Mwenye chuo alikaa kiti cha nyuma. Kwenye usukani alikuwa binti wa wiki ya kwanza. Wanateremka kilima, lori likachomoza kutoka kushoto.

"Breki!"

Sauti nzito, nene, kama kokoto zinazomwagwa. Gari likasimama.

"Nani amesema?" akauliza mwenye chuo.

"Ni mwalimu, mama," binti akajibu. "Kwani wewe hukusikia?"

Kesho yake alipangiwa wanafunzi wanne. Akawaambia wenzake, neno kwa neno, akimeza hewa kila mahali: "Nimetolewa koo. Sikutolewa kazi."

Si wote waliomheshimu. Kijana mmoja aliyekuja kujifunza alicheka, akasema mwalimu anaongea kama chura. Taratibu hakugeuka. "Haya. Chura anasema, kata kulia." Kijana akakata kulia.

Tangu hapo, kila Jumamosi saa nne, alikwenda wodini kuwafundisha waliopasuliwa kama yeye. Mwaka huu saratani ilirudi, safari hii mapafuni. Jumamosi iliyopita alikwenda vilevile, akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Kwa mkewe, kwa watoto, kwa mama mkwe, kwa walimu wenzake: poleni sana. Na sisi tuliobaki tujiulize ni mara ngapi tumemnyang'anya mtu neno kwa sababu alichelewa kulitoa. Ukikutana na mtu kama huyo, ngoja. Lake litafika.

Mwanafunzi wake wa mwisho wodini ni fundi cherehani, mama aliyepasuliwa miezi mitatu iliyopita. Alipoulizwa anataka kuanza na sentensi gani, aliandika: "Nani amegusa mkasi wangu?" Karakana nzima, anaandika, imejisahau tangu anyamaze.

Kesho ni Jumamosi. Saa nne mke wa Taratibu atakwenda wodini mwenyewe. Koo lake ni zima, lakini miezi kumi na moja ya mezani ilimfundisha kila hatua. Nilimuuliza kama si mapema mno.

"Kulia nitalia njiani," alisema. "Yule mama ameshafika kwenye 'amegusa'. Mkasi bado."