Bi Ngoja-Kwanza na Mistari Saba

Ijumaa hii, saa tisa na nusu alasiri, fundi wetu mkuu wa kurasa za mtandao anastaafu baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka ishirini na sita. Jarida limeniomba niandike wasifu mchangamfu. Nitajitahidi, ila nisameheni: ya wiki mbili zilizopita bado hayajanitoka mwilini.

Alianza kama karani wa kupokea wagonjwa, dirisha la pili, akajifunza programu kwa vitabu vya kuazima. Enzi hizo kila idara ilikuwa na kivinjari chake, yaani programu ya kufungulia kurasa, na kila kivinjari na vituko vyake. Ukurasa uliofunguka vizuri kwa mfamasia ulikuwa vurugu tupu kwa mpiga eksirei. Ni yeye aliyegundua kwamba tatizo ni haraka: skripti, vile vijiprogramu vinavyoendesha ukurasa, zilianza kazi kabla ukurasa haujakaa sawa, zikitafuta visanduku ambavyo bado havijachorwa. Kivinjari kimoja kilitoa ishara ukurasa ulipokuwa tayari, kingine kilingoja mpaka picha zote zifike, kingine hakikusema neno. Akaandika mistari saba ya kuvihoji vyote, kila kimoja kwa lugha yake. Hapo ndipo wauguzi walipompachika jina la Bi Ngoja-Kwanza.

Mezani kwake kuna kompyuta sita kuukuu ambazo stoo hutaka kuzitupa kila mwaka. Hakuna ukurasa uliotoka bila kujaribiwa kwenye zote sita. Mumewe anadai kwamba hata nyumbani haanzi kula kabla hajahakikisha kila kijiko kiko mezani. Mwenyewe anasema ni mume ndiye anayesahau vijiko.

Sasa, yaliyotokea. Akiwa kwenye likizo yake ya mwisho, mimi niliyeachiwa ofisi niliiona ile mistari saba, nikaicheka. Vivinjari vya siku hizi vyote hutoa ishara ileile. Nikaifuta, nikaweka mmoja: ishara ikitoka, anza. Nilijaribu kwenye kompyuta yangu mpya, ikakubali. Zile sita sikuzigusa. Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa, na bado sikutazama.

Kumbe ishara hutoka mara moja tu, na haimsubiri mtu. Mtandao wa Wodi ya Tatu ni wa kusuasua. Skripti ilifika pale ukurasa umeshakuwa tayari, ishara imeshapita, ikakaa kungoja jambo lisilorudi. Na kazi ya skripti hiyo ni kuonyesha onyo la dawa zinazomdhuru mgonjwa. Kitandani alikuwepo fundi paa aliyevunjika mguu, na penisilini imeshavutwa kwenye sindano. Ingemuua.

Muuguzi alisita kwa sababu ya somo moja la Bi Ngoja-Kwanza: kisanduku lazima kiwe chekundu au kijani, na kikibaki cheupe ni marufuku kutoa dawa, piga simu. Akapiga. Nikapokea mimi.

"Kisanduku hakina rangi," alisema. "Nimchome au nisimchome?"

Jamani! Nilipiga kelele asimguse, nikakimbilia faili lake la karatasi. Limeandikwa wazi: asipewe penisilini.

Kati ya ile mistari saba, sita ilihudumia vivinjari vilivyokwishakufa. Mmoja uliuliza kama ukurasa umeshakuwa tayari, ili skripti ianze bila kungoja ishara iliyokwishapita.

Alikatiza likizo, akaurudisha mstari huo, akapita kwenye kompyuta zote sita. Nilingoja anitafune mzima mzima. Badala yake alifungua daftari la makosa, na chini ya maelezo yangu akaandika kosa lake: kwamba kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kueleza mstari ule ni wa nini. Kisha akaenda kwa mkurugenzi, nami nikaanza kukusanya vitu vyangu. Alirudi na barua. Kuanzia Jumatatu ukurasa wa maonyo uko chini yangu, kwa pendekezo lake. Alisema tu kwamba mtu aliyeogopa vile hatabahatisha tena. Nilipigwa na butwaa, na mpaka leo sijazinduka.

Fundi paa ameruhusiwa, yuko nyumbani na wanawe.

Dada mkubwa, ahsante kwa kila ukurasa, na kwa huyo mtu mmoja. Tunakuombea afya, raha na wajukuu wenye adabu. Asubuhi za Jumatatu lala mpaka jua likuchome mgongo. Tuko macho.