Mama Mkwe Aliyelazwa Nchi Kumi na Tisa

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mkuu wa Kitengo cha Ulinganisho wa Mifumo ya Afya anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja wizarani. Ametumikia chini ya mawaziri kumi na wanne, na kwa kadiri tujuavyo hakumvika hata mmoja wao kilemba cha ukoka. Tumeagizwa tuandike maneno mazuri. Tumejitahidi, ila mwenyewe alipita mezani asubuhi akaonya kwamba akikuta neno "mnyenyekevu" atairudisha karatasi.

Kazi yake ilikuwa hivi. Nchi inapotaka kurekebisha huduma za afya, viongozi husafiri kuona wenzetu wanafanyaje, na kitengo chetu hulinganisha. Kuna nchi ambako serikali hulipia kila kitu kwa kodi. Kuna ambako kila mtu hukatwa bima kwenye mshahara. Na kuna ambako mgonjwa hufungua pochi kwanza, ndipo afungue mdomo kuonyesha ulimi. Waheshimiwa hurudi kutoka huko na mikoba mipya ya ngozi na mapenzi mapya. Waziri mmoja alikaa ugenini siku nne tu, akarudi akitamka "mfumo wa kule" kwa sauti ya mtu aliyeposa akakubaliwa.

Mzee alikuwa na njia moja ya kuwapokea. Alikwisha kuchoshwa na majedwali, akaamua kila nchi ipimwe kwa mgonjwa mmoja: mama mkwe wake, mjane mwenye presha na goti bovu, anayeishi mtaa wenye zahanati moja ndogo mwishoni. Kila ripoti ilianza na aya inayompitisha mama huyo katika mfumo wa nchi husika. Presha imepanda Jumapili jioni. Anaanzia mlango gani? Nani anampokea? Nani anamwambia arudi kesho? Ndipo mzee akaitwa Bwana Mlango Gani, na ndipo mama mkwe akalazwa nchi kumi na tisa bila kuwa na pasipoti.

Mama mwenyewe alichelewa kupata habari. Siku moja alikuja wizarani kumletea mkwewe funguo alizosahau. Mlinzi wa getini, mhudumu wa chai na naibu katibu mmoja, kila mmoja akamwuliza goti linaendeleaje. Alipanda mpaka ghorofa ya tatu, akasimama mlangoni: "Baba, umenitangaza mpaka kwa walinzi?" Mzee huyu anayekaripia wabunge aliinuka kama mwanafunzi aliyekamatwa. "Shikamoo mama. Ni kazi tu." Mama akachukua ripoti iliyokuwa mezani, akasoma, akasema kama ni kazi basi ifanywe vizuri, maana goti lake bovu ni la kulia, na sisi tumemwuguza la kushoto miaka yote.

Kisa cha vitanda kinajulikana, lakini kinasimuliwa kwa kutiwa chumvi, nasi tunakiweka sawa. Waziri wa wakati huo alitangaza kwamba kwa wingi wa vitanda vya hospitali tumeipita nchi jirani. Jedwali lilikuwa zuri, lenye rangi. Mzee akauliza mgonjwa anaingilia mlango gani kuvifikia vitanda hivyo. Akaelekezwa kwenye karakana ya seremala nyuma ya bohari. Vitanda vilivyohesabiwa vilikuwa vimeagizwa tu. Vingi bado vilikuwa mbao zilizoegemezwa ukutani zikauke. Kamati nzima ya mageuzi, watu wenye shahada za kutundika, ilikuwa imelinganisha hospitali za wenzetu na mbao zetu. Mzee alirudi kikaoni na unga wa msumeno kwenye viatu, akauliza kwa upole wa kutisha: "Mheshimiwa, mama mkwe alale sasa hivi, au asubiri randa kwanza?" Waziri akasema hiyo ni dharau. Mzee akakubali kwamba ni dharau, akaomba iingizwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Hatumpambi. Sisi makarani ametutoa machozi. Aliyeandika "huduma bora" bila kusema ni bora kwa nani alirudishiwa rasimu imekunjwa kama ya kufungia karanga. Na si kila mara alikuwa sahihi. Nchi moja ndogo ilimpokea mama mkwe vizuri: muuguzi alimfuata nyumbani, dawa zikafika, hakuombwa chochote. Mzee hakuamini. Aliirudisha ripoti mara tatu, akidai tumedanganywa na vijitabu vya watalii. Ilipothibitika kuwa kweli, hakuomba radhi. Alisema tu: "Kumbe inawezekana. Basi hawa wetu hawana hata kisingizio." Tangu siku hiyo ulimi wake ulizidi ukali.

Anaondoka wakati mbaya. Jumatatu kamati inajadili mswada mpya wa mageuzi. Unasifu nchi saba, na unataka zahanati ndogo zifungwe, mgonjwa apige simu kwanza, apangiwe hospitali kubwa. Zahanati ya mtaa wa mama mkwe ni mojawapo ya zitakazofungwa. Ofisi ya juu imetushauri, kwa maneno laini, kwamba aya ya mgonjwa mmoja imepitwa na wakati na haifai kusomwa mbele ya kamati. Kitengoni tunabaki watatu. Wawili tuna mikataba ya mwaka mmoja mmoja, na hakuna kati yetu mwenye sauti kama ya mzee.

Tumelifikiria jambo hilo, na tumeogopa, kusema kweli. Hata hivyo aya imebaki, ukurasa wa kwanza wa ripoti yetu, goti la kulia. Ni Jumapili jioni, presha imepanda, zahanati imefungwa, simu inaita haipokewi. Jumatatu tutaisoma na tutauliza anaanzia mlango gani.

Asante, mzee, kwa kukataa kudanganywa kwa niaba yetu miaka yote hii. Tunakuombea mapumziko marefu na usingizi mnono, na tunakuombea usiugue kabla waheshimiwa hawajamaliza kulinganisha. Mfikishie mama mkwe shikamoo zetu, na umwambie bado hatujamruhusu kutoka.