Wasifu wa Bi Penseli, Aliyeandika "Redio ya Baba"

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Machi 1961, saa nne asubuhi, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya mahakama ya mwanzo. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu. Baba yake alikuwa karani wa mahakama hiyo na mama yake mshonaji wa sare za shule. Jina lake la vyeti liko kwenye jalada la kijitabu hiki. Humu ndani ataitwa kama alivyoitwa na watoto wa shule kwa miaka thelathini na minne, Bi Penseli, kwa sababu ya penseli aliyoichomeka kwenye nywele kisha akaitafuta mezani nusu ya siku.

Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa kike, mwalimu wa hesabu, ambaye ndiye anayeusoma. Kaka yao mkubwa alikuwa ameandika mwingine, wa nusu ukurasa, wenye maneno "alipenda watoto" mara tatu. Ulikuwa wasifu safi usio na kosa hata moja, na marehemu hakuwamo.

Alianza darasa la kwanza Januari 1969, katika shule ya msingi iliyokuwa mkabala na ghala la pamba. Alikuwa mtoto wa maswali. Mwalimu wake wa darasa la pili aliwahi kumpa kiti cha mbele ili amchoshe yeye peke yake na awaache wenzake wasome. Hayo yalikuwa ya shuleni. Nyumbani maswali hayakuruhusiwa, na lazima ielezwe ni kwa nini, maana bila hilo maisha yote ya Bi Penseli hayaeleweki.

Baba yao aliitwa Mpatanishi mtaa mzima. Mke na mume wakigombana walikuja sebuleni kwake, wakapewa viti, naye akazungumza nao kwa sauti ya chini mpaka wakaondoka pamoja. Baadhi yao wamo katika maziko haya, na ndoa zao zilidumu. Lakini zipo siku ambazo wageni walipoondoka alifunga madirisha, akapandisha sauti ya redio, kisha akampiga mama yao. Watoto waliijua ratiba hiyo kuliko ya shule. Redio ikipanda, unakimbilia uani.

Jumamosi ya tarehe 17 Oktoba 1970, alasiri, Bi Penseli hakukimbilia uani. Aliingia sebuleni, akiwa na miaka tisa, akazima redio. Hakufanya jambo jingine lolote. Kwa mara ya kwanza mtaa ulisikia kilichokuwa kikiendelea ndani ya nyumba ya Mpatanishi. Alipigwa kofi la sikio la kushoto, na sikio hilo halikusikia tena mpaka anakufa. Familia ilisema ni homa. Hospitali iliambiwa homa, shule ikaambiwa homa, na mdogo wake, aliyekuwa na miaka mitano na aliyeona yote akiwa mlangoni, naye alisema homa kila alipoulizwa.

Alimaliza sekondari mwaka 1979, akasomea ualimu kwa miaka miwili, na Januari 1982 akaajiriwa kufundisha lugha katika shule ile ile aliyosoma. Mwaka 1987 alikabidhiwa pia maktaba, chumba chenye rafu nne na dirisha moja lisilofungika. Alisoma kila kitabu kilichokuwamo, na siku moja akatoka akamwambia mdogo wake katika chumba cha walimu, "Humu watoto wote ni wema na wazazi wao ni wema zaidi. Sasa hawa wangu wakasome wapi?"

Hapo ndipo alipoanza kuandika. Aliandika vitabu kumi na kimoja. Kiko cha kijana anayekojoa kitandani na anapelekwa shule ya bweni, cha msichana anayevunja ungo katikati ya somo la jiografia, cha golikipa mwenye kigugumizi ambaye hawezi kuwaita mabeki wake, na cha mtoto aliyefika darasa la tano hajui kusoma na anaficha kwa kuchekesha watu. Alivifanyia majaribio kila Alhamisi, kipindi cha mwisho, kwa kuwasomea darasa la sita mswada, huku sikio lake zima likielekea darasani. Watoto wakicheka mahali pasipochekesha, alifuta. Mtoto mmoja akiinamia dawati na kuanza kukwangua rangi kwa kucha, aliweka alama ya penseli pembeni, na baada ya kengele alimtafuta mtoto huyo akamwomba amsaidie kubeba vitabu. Walikuwa wakibeba vitabu hivyo polepole sana.

Mume wake alimpata kwenye kiwanda cha uchapaji. Alikwenda kulalamika kwamba kitabu chake cha kwanza kimechelewa wiki tatu. Mpiga chapa akamjibu, "Dada, tatizo si mashine. Vijana wangu wakishika karatasi zako wanakaa chini wanasoma." Walifunga ndoa tarehe 2 Desemba 1989. Bibi harusi alitoa sharti moja tu, kwamba nyumbani kwao kusiwe na redio. Bwana harusi alikuwa mpenzi wa mpira wa kufa mtu. Alikubali bila kuuliza, na kwa zaidi ya miaka thelathini alisikiliza mechi akiwa amesimama kwenye ua wa jirani, hata mvua ikinyesha. Alipoambiwa na wenzake kwamba ametawaliwa na mkewe, alisema, "Ndiyo, na bado nasikia magoli." Walijaliwa binti mmoja, ambaye sasa ni muuguzi.

Kitabu chake cha nane, "Redio ya Baba", kilitoka Februari 2004, miaka mitatu baada ya baba yao kufariki. Katika sura ya nne mtoto anaingia sebuleni na kuzima redio. Wizara ya elimu ilikipitisha, nakala arobaini zikaja shuleni zikiwa na muhuri, na Bi Penseli akampelekea mama yake nakala ya kwanza kwa mkono wake. Hakutaka sifa wala kuombwa radhi. Alitaka mama yake aseme kwamba yaliyomo ni kweli.

Wazazi wa wanafunzi walikuja juu. Kaka mkubwa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Barua iliandikwa, ikisema kwamba kisa hicho ni uzushi, kwamba marehemu mzee alikuwa mtu wa amani anayejulikana, na kwamba mwandishi amekuwa na ndoto za ajabu tangu utotoni. Ilisainiwa na watu watatu, yaani kaka mkubwa, mdogo wa Bi Penseli na mama mzazi. Ilisomwa mbele ya kamati huku Bi Penseli ameketi mstari wa pili, penseli kichwani. Alipoulizwa kama ana la kusema, alimtazama mama yake, akasubiri, kisha akasema hana.

Kwa kuwa vitabu vyenye muhuri haviwezi kutupwa, kamati iliamua kurasa za 37 hadi 44 zibandikwe kwa gundi. Kazi hiyo alipewa mdogo wake. Aliifanya kwa siku mbili, kwa gundi ya unga wa ngano na brashi ya rangi, vitabu arobaini vyote, na akaifanya vizuri, maana yeye ni mtu wa kazi safi. Anaisema hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayeisema, na kwa sababu dada yake hakumtajia jambo hilo hata siku moja. Laiti angemtukana ingekuwa nafuu.

Wiki haikuisha. Msichana wa darasa la saba aligundua kwamba kurasa zikishikwa juu ya mvuke zinaachia. Mhudumu wa ofisi, mama wa makamo asiyependa maneno, alianza kuchemsha birika mara tatu kila asubuhi, na hakuna mwalimu aliyeuliza maji hayo yanakwenda wapi. Kitabu kilichokuwa kikiazimwa mara mbili kwa mwezi kikawekewa foleni. Kisha zikaanza barua. Mtoto mmoja aliandika, "Kwetu hatuna redio. Kwetu baba anafungulia bomba." Mwingine aliandika, "Mwalimu, ukizima, halafu unafanya nini?" Bi Penseli alijibu kila barua, zaidi ya mia mbili. Kwa baadhi yao aliondoka na mkoba wake akaenda mwenyewe kwa ofisa ustawi wa jamii, akakaa kwenye benchi la nje mpaka ahudumiwe.

Yeye akaondolewa maktaba, akakabidhiwa stoo ya michezo, iliyokuwa na mipira miwili, mmoja hauna upepo. Aliitunza stoo hiyo miaka kumi na miwili, mpaka alipostaafu mwaka 2016, na ilikuwa stoo pekee ya mipira ambamo watoto walitoka wakiwa na vitabu. Kwa mama yake alikwenda kila Jumapili. Alimpeleka kliniki, alimkata kucha, alimtungia uzi kwenye sindano macho yalipoanza kupungua. Kitabu hakikutajwa. Nakala ile ilikuwa kabatini, chini ya vitambaa vya sare, na wote wawili walijua ilipo.

Septemba 2021 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji mwezi uliofuata, akapata nafuu mwaka mzima, kisha ugonjwa ukarudi kwenye mifupa. Wiki tatu za mwisho alikuwa wodi ya wanawake, kitanda namba kumi na saba, karibu na dirisha. Mama yake alipelekwa kumwona Jumapili ya tarehe 6 Agosti 2023, saa ya wageni ya mchana, akiwa na chupa ya chai kwenye kikapu. Walizungumza habari za majirani. Kisha Bi Penseli akageuza kichwa, sikio lake zima likamwelekea mama.

"Mama, kile kitabu. Nilisema uongo?"

Mama alitazama mlangoni. "Chai hii inapoa, mwanangu. Kunywa kwanza."

"Nitakunywa. Nijibu."

"Daktari amesema usichoshwe na maneno."

Mdogo wake alikuwa ameketi upande wa miguuni, akikunja shuka lisilohitaji kukunjwa. Alikuwa na jibu hilo mdomoni tangu akiwa na miaka mitano. Akaendelea kukunja. Bi Penseli alikunywa chai yote, akamshukuru mama, akauliza kama nyumbani maji yanatoka. Hakuuliza tena.

Alifariki Jumatatu, tarehe 14 Agosti 2023, saa tano na robo asubuhi. Alikuwa na mume wake na binti yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Jumatano, kaka mkubwa alikwenda kumsomea mama wasifu alioandika, ili upate baraka zake. Mama alisikiliza akiwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, mikono mapajani.

"Kitabu umekiandika wapi?" akauliza.

"Nimesema aliandika vitabu vya watoto, mama. Vyote vimo."

"Nasema kile kimoja."

"Mama, mzee yuko kaburini. Hawezi kujitetea."

"Na mimi niliyekuwa hai, alinitetea nani? Wewe ulikuwa na miaka kumi na moja, ukakimbilia uani. Sikulaumu, ulikuwa mtoto. Lakini na yeye alikuwa mtoto."

"Watu watasema nini?"

"Wanajua cha kusema. Siku ile redio ilipozimwa walinisikia nyumba hadi nyumba, wakaenda zao kupika. Leo waongee." Kisha akamgeukia binti yake mdogo, aliyekuwapo. "Nipe kalamu. Na wewe uandike upya, usinifichie. Mtoto wangu nimemwacha peke yake mbele za watu miaka kumi na tisa. Kumi na tisa! Ningesema neno moja tu pale hospitalini, moja, angelala nalo."

Hapo alilia kwa sauti. Kaka mkubwa alichukua kofia akasema anakwenda kuangalia habari ya viti. Mama aliandika kwa robo saa, kwa vidole vilivyozoea sindano kuliko kalamu, na hakukubali kusaidiwa. Kijitabu ambacho waombolezaji wanacho mkononi kimechapwa na mume wa marehemu kwa mikono yake, jana asubuhi, na kurasa zake zote zinafunguka.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, wajukuu wawili wa kike, kaka mmoja, ambaye hakukubaliana na wasifu huu na ameketi mstari wa mbele, na mdogo wake wa kike, ambaye alikuwa mlangoni. Ameacha wanafunzi wasiohesabika, ambao wengine wamekuja leo na watoto wao. Na ameacha mama mzazi, mwenye umri wa miaka themanini na mitano, aliyeagiza maneno yake yachapwe kama alivyoyaandika:

"Mwanangu alisema kweli. Aliniuliza akiwa hai, nikamwambia anywe chai."

Na apumzike, Bi Penseli, kwa amani ambayo hakuipata kwetu.