Kirangozi wa Basi la Jumamosi

Benchi la mtaa wa Mtendeni lilikuwa taruma kuukuu la reli, limelazwa juu ya mawe mawili nje ya kibanda cha Yahaya, fundi cherehani. Aliyelileta ni Sylvester, enzi alipokuwa akigeuza pointi za reli, pale treni zinapobadilishiwa njia, stesheni ya Tabora, na namna alivyolipata hakuna aliyethubutu kumwuliza, maana Mwingereza alikuwa bado yupo na taruma lilikuwa lake. Kwa kazi hiyo Sylvester aliitwa Pointi, na haki yake ilikuwa kukaa mwisho wa benchi, penye kivuli. Yahaya aliitwa Wakili kwa kuwa hakuna shauri alilokubali liishe. Masele, mchuuzi wa ng'ombe aliyetokea Nzega, aliitwa Maili Moja, kwa sababu ukimwuliza umbali wa mahali popote duniani atakuambia ni maili moja tu. Wa nne ni Tobias, mzee wa kanisa la Moraviani, aliyeitwa Bwana Amina, maana akishasema yeye huona maneno yamekwisha. Jumapili jioni Mfaume, muuza kahawa, alikuwa akitua dele lake mbele yao, na hapo ndipo dunia nzima ilipotengenezwa upya.

Jumapili hiyo Pointi alikuja na shida ya kweli. Siku ya harusi yao alimwahidi mkewe, Apolinaria, kwamba atampeleka kuona magofu ya ngome ya kale upande wa Ulyankulu. Bibi mzaa mama wa Apolinaria alizaliwa ndani ya kuta zile, wakati misafara ya pembe ilikuwa bado inapita. Lakini kila mwaka ilikuwa hivi na vile: leo zamu, kesho gari la mizigo limechelewa, kesho kutwa mkubwa hatoi ruhusa. Sasa Pointi alikuwa amestaafu na visingizio vimemwishia. Asubuhi ile, kabla ya misa, Apolinaria alimwambia bila kupandisha sauti: "Viazi vya michembe nimeshakausha. Jumamosi hii isipokuwa, sitakuomba tena." Pointi alimjua mkewe. Maneno yale yalimtia hofu kuliko ugomvi wowote waliowahi kugombana.

Tatizo ni kwamba treni alizijua zote, na Ulyankulu haikuwa na treni.

— Jamani, alisema akishika kikombe, basi la Ulyankulu huondoka saa ngapi? Nataka kwenda na kurudi siku moja, tena nisitumie sana.

— Basi! Masele alicheka. Maili moja ile, Pointi! Babu zetu walibeba pembe kwa miguu mpaka Bagamoyo, wewe unaulizia basi?

— Na magoti haya nimwachie nani?

— Haya, basi na liwe basi. Lakini chakula ubebe cha nyumbani. Ukinunua njiani umekwisha.

— Chakula kipo. Mwenzangu amekausha michembe, na karanga zipo.

Kusikia michembe, benchi zima lilisogea. Tangu hapo safari haikuwa ya Pointi tena.

— Tutakwenda wote, alisema Yahaya, akiweka mkasi chini. Watu wengi hupunguziwa nauli. Ila kwanza tumchague kirangozi. Msafara hauendi bila mtu wa kuuongoza.

— Hapo umesema, Tobias aliitikia. Na sheria ni ile ile ya wapagazi. Kirangozi yuko mbele, hakuna wa kumpita. Ukimpita, faini. Baba yangu alitozwa mbuzi mzima kwa kumtangulia kirangozi hatua mbili, naye alikuwa anakimbilia kichakani, tumbo limemshika. Amina.

— Sasa kwenye basi itakuwaje? Yahaya aliuliza. Dereva si yuko mbele?

Walifikiri. Mfaume naye alifikiri, dele mkononi.

— Kirangozi akae juu ya boneti, alisema Masele.

— Na akianguka?

— Akianguka atakuwa bado yuko mbele.

Walicheka mpaka Yahaya akashika ukuta. Pointi alicheka pia, kisha akakumbuka kilichomleta.

— Linaondoka saa ngapi lakini?

— Usiruke mambo, Pointi! Yahaya alimkatiza. Kirangozi ni nani? Mimi nasema ni mimi. Babu yangu alitoka Ujiji akiwa mbele ya msafara, na asubuhi jua lilikuwa linamngoja yeye atangulie.

— Wako alihitaji jua, alisema Tobias. Wangu aliongoza usiku bila mwezi, kwa kunusa chumvi ya Uvinza tu.

— Wangu, alisema Masele, alikuwa na kilemba cha manyoya kirefu kiasi kwamba kilemba kilifika kambini, yeye mwenyewe akafika kesho yake.

Pointi alijua vizuri kwamba babu yake alibeba masufuria ya msafara, tena alikuwa wa mwisho kabisa kwenye mstari, akila vumbi la wote. Lakini kahawa ilikuwa moto na wenziwe walikuwa wanamtazama.

— Wangu, alisema, ndiye aliyewafundisha hao wenu njia.

Wenziwe waliinamisha vichwa kwa heshima. Ulikuwa uongo mkubwa, na kijiweni uongo mkubwa una cheo chake.

— Basi kirangozi ni Pointi, Yahaya alikubali, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Na tukifika nitawaonyesha handaki. Chini ya zile kuta kuna handaki linatokea Ujiji. Ukiingia na taa, unatoka na samaki.

— Handaki si kitu, alisema Tobias. Zile kuta zilijengwa na mafundi wa mfalme Sulemani. Walikuja kutafuta asali ya Tabora. Amina.

— Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya wa Mwingereza, alituma watu wakazipime, alisema Masele. Kila wakivuta kamba, ukuta unaongezeka. Wakaandika tu kwamba ni mrefu, wakarudi zao.

— Na tutakaa mbele, kwa dereva, Yahaya aliendelea. Nafasi za mbele ni nne. Tumetimia.

Tobias alikuna kidevu.

— Na shemeji? Si yeye ndiye aliyetaka kwenda?

— Shemeji atatufungia chakula, alisema Yahaya. Yeye habari za kule ameshazisikia kwa bibi yake. Akazione za nini?

Wote walimgeukia Pointi. Alijiona tayari juu ya boneti, upepo usoni, kilemba kichwani.

— Ataelewa, alisema.

Neno lile lilipomtoka tu, aliona macho ya Mfaume yamehamia nyuma yake.

— Hamjambo hapo, ilisema sauti ya Apolinaria.

Alikuwa anatoka kanisani kwenye sala za jioni, rozari bado imezungushwa mkononi. Masele alisimama upesi kumpisha.

— Hatujambo, mayu, mama yetu. Karibu ukae, karibu kahawa.

— Ahsante, sikai. Nimewasikia tangu pale kona. Nina swali moja tu. Mkifika kule, hodi mtapiga kwa nani?

— Hodi? Yahaya alishangaa. Shemeji, yale ni magofu. Hodi ya nini mahali pasipo na mtu?

— Nani kakwambia hapana mtu? Watu wamehama kuta, hawakuhama shamba. Mjomba wangu Limbu analima pale pale. Mgeni husimama nje ya ukuta, anataja bibi yake na babu yake, ndipo wenyewe wanamfungulia njia. Haya, mtamtaja nani?

Yahaya alitazama mkasi wake. Tobias aliigeuza amina yake kuwa kikohozi. Masele alitaka kusema ni maili moja tu, akaona haijibu kitu. Mfaume aliinamisha dele kuongeza vikombe, yakatoka machicha matupu.

Pointi aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Miaka yote alikuwa anaahidi kumpeleka mwanamke huyu kuona ukuta. Hakuwahi kumwuliza nani anaishi nyuma yake.

— Mama watoto, alisema polepole, basi la Jumamosi linaondoka saa ngapi?

Apolinaria alitabasamu.

— Kumbe unajua kuuliza. Alfajiri, na linarudi jioni ile ile. Nimesema na dereva baada ya misa, ametuwekea nafasi mbili, nyuma kabisa karibu na magunia. Ndiko bei rahisi.

— Na sisi, mayu? Masele aliuliza kwa unyonge.

— Ninyi mna boneti.

Vicheko vilirudi, na cha Yahaya kilikuwa kirefu kuliko vyote. Apolinaria aliaga akashika njia ya nyumbani. Pointi alirudisha kikombe, akamfuata. Kwa kawaida yeye hutembea mbele na mkewe nyuma, kama walivyofanya wanaume wote wa mji ule. Safari hii alimfikia, akapunguza mwendo, akabaki nyuma yake. Walikwenda hivyo hadi Apolinaria akageuka.

— Mbona hupiti?

— Naogopa faini, alisema Pointi.